Tonge la Mavyaa

Katika nyumba ya kina mume wangu, mke hajawa mtoto wa nyumba mpaka mavyaa, yaani mama wa mume, amtie tonge mdomoni mbele ya watu wa upande wa mke. Ni tonge la kwanza la sinia, kwa mkono wake mwenyewe. Ukilimeza, umekuwa wake. Ukilitema, sijui inakuwaje, kwa sababu sijasikia aliyewahi kulitema.

Tonge langu lilikawia. Tulioana kwetu Taru, na mjomba wangu Tsofa, aliyenilea baada ya baba kufa, hakupata nafasi ya kushuka pwani kwa sababu ya mifugo yake. Mimi nikahamia Msambweni kwa Bi Mwanatumu, mama yake Swabir. Swabir akarudi Diani kwenye kazi yake ya udobi hotelini, akija nyumbani siku zake za mapumziko. Kwa hiyo niliishi na mavyaa kwa muda mrefu bila tonge, nikampenda kabla hajatangaza kwamba mimi ni wake.

Bi Mwanatumu hupika kando ya barabara kuu. Hupika wali wa nazi, samaki wa kupaka, na kamba wa nazi, ambao ndio waliompa jina. Madereva wanaotoka Lungalunga huulizia kamba wake hata kabla ya kuzima injini. Sisi watu wa Taru chakula chetu ni sima, kunde, na mbuzi akichinjwa. Kamba nilimwona mara ya kwanza ndani ya beseni la mavyaa, nikaruka nyuma.

"Amekuuma?" akaniuliza.

"Ana miguu mingi, mama."

"Na masharubu pia anayo. Hata bavyaa wako, Mungu amrehemu, alikuwa nayo, na nililala naye chumba kimoja miaka yote. Menya."

Nikacheka, nikamenya. Siku hiyo niliwaonja kamba jikoni nikiwa peke yangu, wakawa watamu, na hakuna kilichonipata. Lakini nilipowaonja tena, midomo iliniwasha kama niliyepakwa upupu, na vipele vikanitoka shingoni. Nikavifunika kwa mtandio. Siku nyingine mikono ilivimba nilipokuwa nikimenya, nikasema moyoni ni chumvi ya bahari, ngozi yangu haijaizoea. Nikaanza kuwasukuma kamba pembeni mwa sahani na kula wali mtupu. Mavyaa akiniuliza mbona sili, namjibu nimeshiba.

Kusema ni kazi ngumu kwangu. Mtu akiniuliza jambo mbele ya watu, jibu hunishuka tumboni na kukaa huko. Na utamwambiaje mwanamke anayejulikana barabara nzima kwa kamba wake kwamba kamba wake wanakuwasha?

Kisha Swabir akaniletea zawadi. Hotelini kwao kulikuwa na karamu, watu wa jikoni wakamgawia kamba wa kukaanga, akawafunga vizuri akaja nao toka Diani. Akakaa mbele yangu anitazame nikila. Nikamuuma mmoja nusu. Ulimi ukawaka, mdomo wa chini ukawa mzito.

"Watamu?"

"Sana," nikasema, nikageuza uso.

Alipoingia kuoga, wote waliobaki niliwapa paka nyuma ya jiko.

Basi siku ya tonge ikafika. Mjomba Tsofa alishuka na watu wachache wa kwetu, akiwa na beberu mmoja na mtungi wa asali. Bi Mwanatumu alitandika mikeka sebuleni na utani ukaanza kabla watu hawajakaa sawasawa.

"Shemeji, mnakaa karibu na maji yote haya na bado mnanunua maji ya mikebe?" mjomba akasema.

"Na nyinyi mna mbuzi wote hao na bado umeniletea huyu mkondefu?"

"Huyo ametembea. Hao kamba wako hawajatembea, wameogelea tu. Hawana nyama ya bidii."

"Kula kwanza, matusi baadaye."

Watu wakacheka. Sinia likaja, wali mweupe umejaa kamba wa nazi, ndimu pembeni. Mavyaa akanawa, akanikalisha mbele yake, akafinyanga tonge. Nilimwona akichagua kamba mkubwa kuliko wote na kumweka katikati ya wali. Kwake hiyo ilikuwa heshima: mwana wa nyumba hapewi kamba mdogo. Mjomba alikuwa akitabasamu, Swabir naye ameinamisha kichwa kwa haya.

Nilijua yatakuja mawasho. Nikajiambia, mawasho ni nini? Nitavumilia mpaka wageni waende. Nikafungua mdomo, nikatafuna, nikameza. Wanawake wakapiga vigelegele.

Vigelegele havijaisha masikio yakawa moto. Viganja vikaniwasha, nyayo zikaniwasha, tumbo likanikata. Watu walikuwa wakila sasa, wakisifu nazi. Nikaona macho yanaziba kwa uvimbe. Koo likawa linabana, kama mtu anayekaza kamba ya ndoo taratibu. Nilitaka kuita "mama" ikatoka sauti ya mluzi. Nikainuka, sakafu ikainama, nikaanguka juu ya sinia.

Kitu cha mwisho nilichosikia vizuri ni mjomba akipaza sauti: "Mwanamke wewe, umemlisha nini mwanangu?"

Swabir alinibeba hadi kwenye gari la jirani. Namkumbuka akirudia, "Vuta pumzi, Jumwa, vuta," na mimi nikiwa na hamu kubwa ya kumtii lakini hewa haipiti. Hospitali ya Msambweni haiko mbali nasi, na hilo namshukuru Mungu kila siku. Walinilaza wakaniinua miguu, na daktari mmoja akanidunga sindano ya paja juu ya nguo, bila hata kunivua leso. Moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikatetemeka, kisha koo likalegea. Hewa ikaingia. Sikujua kama hewa ina ladha mpaka siku ile.

Waliponifunga dripu na kunipa hewa ya mtungi nivute, nikaanza kusikia ya nje. Dirisha la wodi lilikuwa wazi, na mjomba alikuwa uwanjani.

"Sote tumekula sinia moja!" alikuwa akipiga kelele. "Mimi nimekula, watu wangu wamekula, hatukudhurika. Aliyeanguka ni yule aliyelishwa kwa mkono! Mnataka ushahidi gani zaidi kwamba ni sumu? Jumwa akitoka hapa narudi naye Taru. Na anayekula kwa mama huyu barabarani ajiombee mwenyewe!"

Niligeuza kichwa nikamwona mavyaa kupitia dirishani, amekaa kwenye benchi, mkono wa kulia ameuweka mapajani na kuutazama kana kwamba si wake. Watu waliokuja kuona wagonjwa walikuwa wamesimama kusikiliza. Miongoni mwao nilimtambua dereva mmoja wa lori la mchanga, mteja wetu wa kila siku.

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mmoja mwenye mguu wa bandeji, akanung'unika, "Mimi jana nilitumiwa sahani kutoka kwa Bi Mwanatumu. Sijui nianze kufa saa hii au ningoje wanangu waje."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mjomba akinichukua, ndoa yangu imekwisha, na mavyaa hatauza tena hata sahani moja. Jina la mpishi likishaguswa na neno sumu, halioshwi.

Daktari aliyenidunga alikuwa mwanamke wa bara, jina lake Immaculate. Alichoshwa na kelele, akatoka akawaita wote ndani: mjomba, Bi Mwanatumu na Swabir.

"Mzee, shikamoo. Mgonjwa ni wako?"

"Marahaba. Ni mwanangu, mtoto wa dada yangu. Nataka mnipimie hiyo sumu."

"Sumu imo, ni kweli," daktari akasema.

Mavyaa akashika ukingo wa kitanda changu.

"Lakini haikutoka kwenye chakula. Imetoka ndani ya mwili wake mwenyewe."

"Ala!" mjomba akasema. "Sasa ni yeye aliyejitia sumu?"

"Nisikilize, mzee. Kila mtu hapa, hata wewe, ana seli fulani za ulinzi. Tunaziita masti. Ni ndogo hazionekani kwa macho. Zinakaa chini ya ngozi, midomoni, kooni, tumboni, kwenye mapafu. Zinakaa pale adui anapopitia. Kila moja imejaa vifuko vidogo, na ndani ya vifuko kuna dawa kali, mojawapo inaitwa histamini. Mnyoo akiingia, au sumu ya mdudu, seli zinamwaga vifuko. Mishipa ya damu inapanuka na kuvuja maji, mahali pale panavimba, panawasha, askari wengine wa mwili wanaitika. Ni kazi nzuri. Bila hizo tungekuwa taabani."

"Kamba si mnyoo," mjomba akasema.

"Si mnyoo. Lakini mwili wa huyu dada ulimwona kamba kwa mara ya kwanza ukamdhania adui. Siku hiyo haukufanya kitu. Ulikaa ukatengeneza kulabu ndogo zinazomfaa kamba na si kitu kingine, ukazipachika juu ya seli zile za masti, ukangoja. Kamba akija tena, ananasa kwenye kulabu mbili kwa mpigo, na seli inapasua vifuko vyake vyote."

Mjomba alifikiri. Ni mtu wa zizi, na kitu hakimwingii mpaka akione zizini. "Kama miiba ya ua," akasema polepole. "Mgeni kapita njia yake tu, kaguswa na mwiba huku na mwiba huku, na mbwa wote wakaachiliwa."

"Hivyo hivyo. Na leo mbwa wameachiliwa mwili mzima. Mishipa yote imelegea, presha imeshuka, koo limevimba. Sindano niliyompa inaitwa adrenalini. Inaikaza mishipa na kufungua njia ya hewa."

Mjomba akatikisa kichwa. "Maneno yako ni mazuri, daktari. Lakini umesema lazima awe amekula kamba kabla. Mimi nimemlea mtoto huyu. Taru hakuna kamba. Na kwa mama huyu nimeuliza mwenyewe, akasema bibi harusi huwa hali kamba, anasema ameshiba. Leo ndiyo mara ya kwanza. Sasa hizo kulabu zilitoka wapi?"

Bi Mwanatumu alisema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ni kweli, hali. Nilidhani hapendi mapishi yangu. Ndiyo maana nikamchagulia yule mkubwa."

Daktari akanigeukia. "Umewahi kula?"

Wote wakanitazama. Jibu likaanza safari yake ya kushuka tumboni kama kawaida. Nilimwona Swabir, na nikafikiria jinsi alivyokaa mbele yangu akisubiri kusikia kama zawadi yake ni tamu. Lakini mkono wa mavyaa ulikuwa bado umeshika ukingo wa kitanda.

Nikaondoa barakoa ya hewa mdomoni. "Nimekula," nikasema.

"Sema kwa sauti, mwanangu," mjomba akasema.

"Nimekula kamba. Mara ya kwanza sikudhurika. Baadaye nikawa nawashwa, nikaficha vipele kwa mtandio. Hata kuwamenya huniwasha. Ndiyo maana nikasema nimeshiba." Nikameza mate, yalipita. "Na wale wa Diani, Swabir. Wale uliowaleta kutoka hotelini. Nilimuuma mmoja nusu, mdomo ukavimba. Wengine niliwapa paka. Nisamehe. Mama hakuwapika wale. Hakuwagusa hata kwa kidole."

Kisha Swabir akasema, "Wote?"

"Wote."

"Wale paka nilipofika wiki iliyofuata walinilaki njiani kama mbunge. Nikasema labda wananipenda."

Mama wa kitanda cha pili akacheka mpaka akashika mguu wake. Hata daktari aliinamisha uso. Mjomba peke yake hakucheka. Alivuta kigoda akakaa.

"Nilikuwa na mtamba," akasema. "Daktari wa mifugo alikuja akachoma kundi lote, dawa moja. Hakuna aliyeumwa. Akarudi tena baadaye kuwachoma dawa ileile. Ng'ombe wote wakaendelea kula majani, mtamba wangu akavimba macho, akatoa povu, akafa miguuni pangu. Nilimfukuza yule kijana kwa rungu mpaka barabara ya Mombasa. Nikasema ametumwa na jirani." Akamtazama daktari. "Ni hii hii?"

"Siwezi kuapa bila kumwona ng'ombe. Lakini inafanana sana."

"Basi nina watu wawili wa kuwaomba radhi, na mmoja simjui anakoishi." Akamgeukia Bi Mwanatumu. "Shemeji."

"Abee."

"Radhi sikuombi hapa. Kelele nilizipigia uwanjani, siwezi kunong'ona chumbani. Kesho."

Walinilaza hospitali usiku huo, kwa sababu daktari alisema seli zile zinaweza kumwaga tena hata baada ya mtu kupata nafuu. Asubuhi alinipa vidonge vya kupunguza makali ya histamini na maneno ya kushika: nisile kamba, wala kaa, wala kitu chochote cha jamii yao, nisiwamenye, nisisimame kwenye mvuke wao. Vidonge havitoshi koo likivimba. Koo likibana au kichwa kikizunguka, sindano hospitalini, mbio, bila kungoja kuona kitakachotokea. Na niwaambie wanaoishi nami. Hilo la mwisho alilirudia. "Walinzi wako ni wakali kupita kiasi," akasema, "lakini mtu anaweza kuishi nao miaka mingi na kuzaa watoto na kucheza ngoma, mradi watu wake wajue."

Nyumbani tulikuta jiko la barabarani limezimwa. Bi Mwanatumu alisema hana haja ya kuchoma kuni kwa ajili ya nzi.

"Washa moto," mjomba akasema.

"Hawatakuja, shemeji."

"Washa. Mimi nitakula, na mimi ni mtu pia."

Akawasha. Mimi waliniweka kwenye kiti upande upepo unakotoka, mbali na sufuria, na Swabir akaketi kati yangu na jiko kama ukuta. Nazi ikachemka. Mjomba Tsofa, mtu wa beberu na sima, alikaa benchi la mbele kabisa, sahani ya kamba magotini, kila gari likipita anainua mmoja juu kwa mkia kabla ya kumtia mdomoni. Wapita njia walitazama, wakaenda. Magari yalipunguza mwendo, yakaongeza.

Kisha lori la mchanga likasimama. Yule dereva akashuka, lakini hakuvuka mtaro. Alisimama kule, mikono kiunoni.

"Mama, habari za asubuhi. Niliyoyasikia jana ni kweli?"

"Mimi ndiye niliyeyasema," mjomba akajibu, kinywa kimejaa, "na nilisema ujinga. Tazama nakula!"

"Wewe jana ulisema ulikula na hukudhurika, mzee. Aliyedhurika ni mwingine."

Mjomba akamrudisha kamba sahanini. Mavyaa akashika mwiko akainama juu ya sufuria. Niliona kwamba hakuna mwingine pale anayeweza kumjibu mtu yule. Swabir alinitazama.

Nikasimama.

"Ni mimi," nikasema, na sauti ikafika ng'ambo ya mtaro, nikashangaa. "Ni mimi niliyeanguka. Mwili wangu haupatani na kamba, popote wanapopikwa. Wa Diani pia walinivimbisha, na hao walipikwa na mpishi wa hotelini. Ndani yangu kuna walinzi wanaomwona kamba adui, wanamwaga sumu yao wenyewe. Daktari amenieleza, na wewe ukitaka nitakueleza mpaka wali upoe. Chakula cha mama yangu hakina kitu. Na kama na wewe kamba wanakuwasha midomo, usile, nenda hospitali. Kama hawakuwashi, vuka, wanaungua."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama yangu mbele ya watu. Bi Mwanatumu hakuinua uso, lakini mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

Dereva alijikuna kidevu. Akapitisha ulimi juu ya midomo yake, huku na huku, kama anayeikagua. "Mimi hawajawahi kuniwasha," akasema. Akavuka mtaro. "Mzee, sogea. Na uache kunitikisia kamba usoni."

"Nilikuwa nakaribisha wateja."

"Unawafukuza."

Mavyaa akampakulia. Kisha akachukua sufuria ndogo ambayo sikuwa nimeiona, iliyowekwa juu ya mafiga ya pembeni na kufunikwa. Akanijia nayo upande wangu wa upepo, akainama mbele yangu, na badala ya kunipakulia akauliza, "Ni kunde za nazi. Nimepikia mwiko mwingine. Unazitaka, au hutaki? Sema kweli."

"Nazitaka," nikasema. "Lakini chumvi umezidisha, mama. Nasikia harufu yake toka hapa."

"Chumvi haina harufu!"

"Basi nipe nionje, nikuambie."

Nyuma yake basi dogo la abiria lilikuwa linapunguza mwendo, taa ya pembeni inawaka, na Swabir akainuka kwenda kulionyesha pa kuegesha.